Mkono wa Kulia

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Methali hii hutajwa pale mtu mzima mwenye viungo vyake kamili anapopatwa na jambo likamwacha bila mguu, bila jicho, au na upande mmoja uliolala. Hutajwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo, kana kwamba methali imekwisha kusema yote. Nami kwa miaka mingi niliishia hapo hapo. Katika kurasa hizi nataka kwenda mbele kidogo ya methali, nieleze jinsi wataalamu wa mataifa mbalimbali walivyokaa pamoja wakauliza swali ambalo sisi nyumbani kwetu Ujiji hatukuliuliza: mtu aliyepooza kwa kiharusi anaweza kurudi kwa kiasi gani, lini, na kwa kusaidiwa vipi? Historia hiyo ni ndefu, na sehemu yake ilipita karibu na mlango wetu bila sisi kujua.

Nianze na mkono. Lugha yetu imeupa mkono mmoja jina la kazi yake. Tunasema mkono wa kulia, yaani ule tunaolia chakula. Mtoto wa Ujiji hufundishwa jambo hili kabla hajajua kuhesabu. Akinyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia, mkubwa aliye karibu humrudisha taratibu. Mtu mzima anayekula kwa kushoto mbele za watu hujiona amevuliwa nguo. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu mzazi, alikuwa fundi wa maboti. Alifanya kazi ufukweni, na wavuvi wa dagaa walimjua kutoka Kibirizi mpaka vijiji vya kusini. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 6 Julai 1994, alikuwa akichonga ubao wa ubavu wa boti pale tezo ilipomponyoka mkononi. Vijana wake walidhani ameteleza. Alipoinama kuiokota hakuinuka tena. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, maneno yakawa kama ya mtu mwenye chakula kinywani, na upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala.

Tulimpeleka hospitali. Walimpima presha wakaikuta iko juu sana, wakampa dawa, na baada ya siku chache wakaturuhusu turudi naye nyumbani. Hakuna aliyetueleza la kufanya na mkono ule wala mguu ule. Siandiki haya kwa kulaumu. Tangu Oktoba 1993 mkoa wetu ulikuwa umepokea maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, na waganga na wauguzi walikuwa wachache hata kabla ya hapo. Mtu ambaye hafi leo wala kesho humwachia nafasi yule anayekufa leo.

Nyumbani uongozi ulikuwa wa Shangazi. Yeye alikata shauri kwamba mgonjwa wa kupooza ni kama mzazi: akae ndani siku arobaini, asisumbuliwe, asiinuliwe bila sababu. Maalimu aliletwa akaandika kombe, Baba Mkubwa akanywa. Jioni alikandwa kwa mawese ya moto. Wote tulifanya zamu. Mimi nilikuwa mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo zamu ya asubuhi ikawa yangu.

Katika wiki ya tatu nilimletea uji. Nilipogeuka kuchukua kitambaa nikamkuta ameupeleka mkono wake wa kulia kwenye kikombe. Vidole vilikuwa vimejikunja kidogo kwenye mshikio. Alikiinua kama kimo cha dole gumba juu ya jamvi, mkono ukatetemeka, uji ukamwagika kifuani. Nikaruka, nikakichukua kikombe, nikamfuta, nikamwambia, "Pumzika Baba Mkubwa, mimi nipo." Nikamlisha kwa kijiko. Kuanzia siku ile sikumwachia tena kikombe. Naye hakujaribu tena. Wakati huo niliona kwamba nimemheshimu mzee wangu, nimemwondolea aibu. Miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla sijajua kwamba pengine siku ile nilimpokonya kitu.

Kiharusi ni nini hasa? Mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hufa. Ubongo wa kushoto huendesha upande wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto. Ndiyo maana mtu hulala upande mmoja kana kwamba amegawanywa kwa kamba. Waganga wa zamani walifundishwa kwamba chembe za ubongo zikifa hazirudi, na kwa hiyo kazi ya daktari ilikuwa kumzuia mgonjwa asife, kisha kumwachia Mungu na jamaa zake. Mawazo hayo yalianza kutikiswa karne ya 20, na mojawapo ya visa vya kufikirisha juu ya kiungo kilichopooza ulionekana katika ziwa letu hili hili.

Kaskazini ya Kigoma, kwa boti, kuna Gombe. Jane Goodall alifika hapo Julai 1960 kuchunguza sokwe. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwaingia sokwe wale. Chanjo ya matone ililetwa ikatiwa ndani ya ndizi, lakini kwa wengine ilikuwa imechelewa. Sokwe mmoja mzee, ambaye watafiti walimwita McGregor, alipooza miguu yote miwili akawa anajikokota kwa mikono. Wenzake wengi walimwogopa na kumkwepa, isipokuwa mmoja, Humphrey, aliyekuwa akikaa karibu naye. Mwishowe watafiti walimpiga risasi kumwondolea mateso. Dume jingine, Faben, mtoto wa Flo, alipooza mkono mmoja. Sokwe hutembea kwa kuegemea mikono, na Faben hakuweza tena. Basi akazoea kutembea wima kwa miguu miwili, mwendo mrefu, mkono uliokufa ukining'inia. Tena mwaka 1973 mdogo wake, Figan, alipopigania ukubwa wa kundi, Faben wa mkono mmoja ndiye aliyesimama nyuma yake mpaka akaupata.

Polio si kiharusi. Polio huharibu mishipa ya fahamu inayotoka uti wa mgongo kwenda kwenye misuli, ambapo kiharusi hupiga ubongo wenyewe. Lakini Faben anatuonyesha jambo ambalo wataalamu wa kiharusi hulitenga kwa uangalifu: kuna kupona, na kuna kujitafutia njia nyingine. Faben hakupona mkono. Alijifunza kuishi bila huo. Mgonjwa wa kiharusi naye anaweza kujifunza kufanya yote kwa mkono mzima, na watu wakasema amepata nafuu, hali mkono mgonjwa haujarudi hata kidogo. Wakati mwingine hilo ndilo linalowezekana tu. Wakati mwingine mkono ule ungeweza kurudi kama ungeitwa kazini.

Aliyelionyesha hilo alikuwa Mmarekani, Edward Taub, aliyefanya majaribio kwa kima. Alikata mishipa inayoleta hisia kutoka mkono mmoja, na kima wakaacha kabisa kuutumia mkono ule, ingawa mishipa ya kuuendesha ilikuwa mizima. Alipoufunga mkono ule mzuri, kima walianza tena kuutumia uliotelekezwa. Taub akahitimisha kwamba mnyama hujaribu mara za kwanza, hushindwa, kisha hujifunza kutoutumia, na baadaye, hata uwezo ukirudi, mazoea ya kutoutumia hubaki. Kazi hiyo ina doa lake. Mwaka 1981 polisi waliingia katika maabara yake kwa malalamiko ya ukatili kwa wanyama, kesi ikafika mahakamani, na hukumu dhidi yake ikatenguliwa baadaye. Sitaki kulificha hilo. Lakini fikra yake ilitoka kwa kima ikaenda kwa binadamu, na mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa wagonjwa 222. Walikuwa watu waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma, wakabakiwa na uwezo kidogo wa kukunjua kifundo cha mkono na vidole. Kwa wiki mbili nusu yao walivishwa glovu nene kwenye mkono mzima, wasiweze kuutumia muda mwingi wa mchana, huku mkono mgonjwa ukifanyishwa kazi. Wale walitengemaa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na baada ya mwaka mmoja tofauti bado ilionekana.

Niliposoma habari hizo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje. Nilikiona kikombe. Baba Mkubwa hakuhitaji kuvishwa glovu. Adabu aliyofundishwa akiwa mtoto ilikuwa imekwisha kuufunga mkono wake wa kushoto. Alitaka kunywa uji kwa mkono wa kulia kwa sababu ndivyo mtu anavyokunywa. Alijaribu, akashindwa mara moja, nami nikamfundisha, kwa upendo kabisa, kutojaribu tena.

Sasa niieleze sehemu ya nchi yetu katika historia hii, maana haikuwa ndogo. Mwaka 1992 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima. Zilichaguliwa sehemu tatu: mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, na Morogoro vijijini. Wengi wa watu wetu hufia nyumbani bila cheti cha daktari. Kwa hiyo wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba, na penye msiba waliwauliza jamaa dalili za marehemu moja baada ya nyingine, kisha madaktari wakasoma majibu na kukadiria sababu ya kifo. Katika kundi hilo walikuwamo Donald McLarty wa Muhimbili, Henry Kitange, na daktari wa wazee kutoka Uingereza, Richard Walker. Katika miaka mitatu ya kwanza, kati ya vifo 7,629 vya watu wa miaka 15 na zaidi, 421 vilitokana na kiharusi. Kwa watu wa makamo, walio chini ya miaka 65, kiwango kilikuwa mara kadhaa ya kile cha Uingereza. Habari hiyo, iliyochapishwa mwaka 2000, iliwashangaza waliodhani kwamba kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya.

Lakini kazi iliyonigusa zaidi ni nyingine ya kundi hilo hilo. Katika hesabu ya wilaya ya Hai ya tarehe 1 Agosti 1994, wahesabuji hawakuuliza juu ya wafu tu. Waliuliza pia: katika nyumba hii yupo mtu aliyepooza upande mmoja? Kati ya watu 148,135 walipatikana 108 waliokuwa wakiishi na ulemavu wa kiharusi. Idadi hiyo ilikuwa ndogo ikilinganishwa na nchi tajiri, na hapo ndipo penye huzuni, kwani maelezo mojawapo ni kwamba wengi wanaopigwa na kiharusi hawaishi muda wa kutosha kuhesabiwa miongoni mwa walemavu.

Tarehe 1 Agosti 1994. Nilichukua kalenda ya zamani nikahesabu. Ilikuwa siku ya 26 tangu Baba Mkubwa aangushe tezo. Siku ambayo mtu alibisha hodi katika nyumba za Hai akauliza juu ya waliopooza, mzee wangu alikuwa juu ya jamvi Ujiji, upande wa pili wa nchi, na hakuna aliyebisha hodi kwetu. Simlaumu mtu. Utafiti hauwezi kupita kila mlango. Ila ni vizuri tujue kwamba takwimu za nchi nzima tunazosomewa redioni mara nyingi zimetoka katika wilaya mbili tatu, na sisi wa mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, tumo ndani yake kwa kukadiriwa tu.

Ushirikiano ule uliendelea. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, Walker pamoja na madaktari wa Tanzania, miongoni mwao Ferdinand Mugusi na Eric Aris, waliwatafuta watu wote waliopata kiharusi kipya katika Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Walipatikana 636: Dar es Salaam 453, Hai 183. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, ilikuwa watu 108.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 mjini Dar es Salaam, kiwango kilichotajwa kuwa miongoni mwa vilivyo juu duniani. Wagonjwa wa Hai waliofuatiliwa baadaye walionyesha upande wa pili wa jambo: karibu robo walikuwa wamekufa katika siku 28, na sita katika kila kumi walikuwa wamekufa ndani ya miaka mitatu.

Watafiti wengine wakauliza watu wanafikiri nini. Gerry Mshana na wenzake, mwaka 2008, walieleza kwamba huko Hai watu wengi walikitaja kiharusi kuwa ni ugonjwa wa kawaida wenye sababu za kawaida, ambapo Dar es Salaam, mji mkubwa wenye hospitali, wengi walisema ni mashetani au uchawi, na kwa hiyo walianza kwa waganga wa jadi. Msomaji asidhani basi kwamba kombe la Ujiji lilikuwa ujinga wa pembezoni. Na nina jambo la kuongeza. Mgonjwa wa kiharusi ambaye hafi aghalabu hupata nafuu fulani mwenyewe katika wiki za mwanzo. Mguu wa Baba Mkubwa ulianza kusogea karibu na siku ya thelathini, na sote tukalisifu kombe. Kama angekuwa kwenye hospitali kubwa ya Ulaya, wangeisifu dawa yao. Kila anayemhudumia mgonjwa wa kiharusi huvuna sifa ambayo huenda ni ya maumbile tu.

Hii ndiyo sababu hasa wataalamu walilazimika kushikana mikono. Daktari mmoja na wagonjwa wake ishirini hawezi kujua kama kilichowainua ni mazoezi yake au ni siku zilizopita. Inabidi wagonjwa wawe wengi, wagawanywe kwa kura katika makundi mawili, na mwisho wapimwe na mtu asiyejua nani alipata nini. Wingi huo haupatikani hospitali moja, na mara nyingi haupatikani nchi moja.

Nitatoa mifano miwili tu, maana yote miwili iliwavunja watu moyo na kuwafundisha. Wa kwanza uliongozwa na Julie Bernhardt wa Australia. Wengi waliamini kwamba mgonjwa akiinuliwa kitandani mapema sana na mara nyingi, atapona vizuri zaidi. Wakaandikishwa wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano: Australia, New Zealand, Malaysia, Singapore na Uingereza. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Waliohimizwa sana kuanzia saa 24 za mwanzo walikuwa na hali njema, baada ya miezi mitatu, kwa asilimia 46. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Haraka ilikuwa imezidi. Aliyetumia miaka mingi akiitafuta faida ile ndiye aliyesimama akautangazia ulimwengu kwamba haikupatikana. Mimi naiona hiyo kuwa heshima kubwa kuliko kama ingepatikana.

Mfano wa pili unatugusa sisi zaidi. Katika nchi zenye wataalamu wachache, kwa nini jamaa wa nyumbani wasifundishwe kumfanyisha mgonjwa mazoezi? Swali hili lilijaribiwa India katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi sita, waliokufa au waliobaki wakiwategemea wengine walikuwa asilimia 47 katika kundi lililofundishiwa jamaa, na asilimia 47 katika kundi la kawaida. Sawasawa. Upendo wa nyumbani, hata ukiongezewa mafunzo mafupi, haukutosha kushika nafasi ya huduma. Niliposoma hayo nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Vibaya, kwa sababu mikoa kama wetu ilikuwa ikilitegemea jibu jingine. Vizuri, kwa sababu ilinionya nisijidanganye kwamba kikombe kimoja kingemrudisha Baba Mkubwa kwenye tezo yake.

Baada ya matokeo ya namna hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana mwaka 2016 kuzungumzia kilichokuwa kinakwamisha. Mwaliko ulikuwa wa Bernhardt na wenzake, na maafikiano yao yalichapishwa mwaka 2017. Waligundua jambo ambalo mchuuzi yeyote wa Kibirizi angelielewa. Ziwa letu lina nchi nne, nazo ni Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Dagaa wakipimwa huku kwa debe, kule kwa kopo, na kwingine kwa mizani, huwezi kujua nani amevua zaidi mpaka wote wakubaliane kipimo. Utafiti wa kiharusi ulikuwa hivyo. Mmoja alianza mazoezi siku ya tatu, mwingine mwezi wa nane. Mmoja alipima nguvu ya kidole, mwingine uwezo wa kuvaa shati. Wote wakiita jambo hilo kwa jina moja. Wakakubaliana basi juu ya vipimo vya pamoja, kikiwemo kile kilichotungwa Sweden mwaka 1975 na Fugl-Meyer na wenzake cha kupima mwendo wa mkono na mguu. Na wakakubaliana juu ya kalenda.

Kalenda hiyo ni hii. Saa 24 za kwanza ni kipindi cha kwanza. Siku ya 1 hadi ya 7 ni cha pili. Siku ya 7 hadi mwezi wa tatu ni cha tatu, na mwezi wa tatu hadi wa sita ni cha nne. Baada ya miezi sita ni kipindi cha kudumu. Mipaka hii haikutupwa ovyo. Ilifuata yale yanayojulikana juu ya ubongo uliojeruhiwa. Katika wiki na miezi ya mwanzo ubongo huwa katika hali ya kujijenga upya, sehemu zilizobaki hai zikitafutana na kupokezana kazi, na hapo ndipo sehemu kubwa ya marejeo huonekana. Baadaye mlango haufungwi, kama wale wagonjwa 222 walivyoonyesha, lakini huwa mzito.

Nilichukua kalamu kwa mara ya pili. Siku arobaini za Shangazi zilianza tarehe 6 Julai zikaisha katikati ya Agosti. Kwa kalenda ya wataalamu, karibu zote ziliangukia katika kipindi cha tatu, kipindi chenye neema kuliko vyote. Tulikuwa tumeichukua sehemu ya kwanza ya wakati ule tukaifungia ndani, pazia likiwa limeshushwa. Ningependa kusema kwamba mila yetu ilikosea moja kwa moja, lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Katika saa na siku za mwanzo kabisa, utulivu wa Shangazi huenda ulikuwa salama kuliko pupa ya hospitali kubwa. Makosa yetu yalikuwa kutojua lini utulivu uishe. Na mila ile ile iliyomlaza ndiyo iliyompa hamu ya kukishika kikombe kwa mkono wa kulia.

Msomaji atauliza: haya yote yanamfaa nini mtu wa Kigoma? Tanzania haikuanza jana. Shule ya kufundisha wataalamu wa mazoezi ya viungo ilianzishwa KCMC, Moshi, katika miaka ya 1970, na chuo cha mafundi wa viungo bandia kikafuata hapo hapo mwaka 1981, kikipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Neno utengamao, ambalo zamani hatukulisikia, sasa limo katika kauli za Wizara. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma hizo katika nchi zote. Lakini azimio haliukandi mguu wa mtu. Jaribio la India lilituambia kwamba jamaa peke yao hawatoshi. Nasi tunajua kwamba mtaalamu peke yake hatawahi kutosha, maana mgonjwa hukaa na mtaalamu nusu saa na kukaa na jamaa siku nzima. Mashauri ya wakubwa hao yatakuwa na maana kwetu siku watakapoichunguza pia nusu saa hiyo na siku hiyo katika nyumba ya udongo ya Ujiji, kama wahesabuji wa 1994 walivyobisha hodi Hai.

Baba Mkubwa aliishi miaka minne zaidi. Alitembea kwa fimbo, akiburuta mguu. Alikaa chini ya mwembe ufukweni akiwaelekeza vijana kwa mkono wa kushoto, na maboti mawili yaliyotengenezwa kwa maelekezo yake bado yalikuwa majini alipofariki mwaka 1998. Mkono wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani. Hakula tena mbele za watu. Sinia ya wanaume ilipowekwa, yeye alisema ameshiba, akasubiri mpaka watu waondoke ndipo alishwe. Sijui kama ingekuwa vingine. Kiharusi chake kilikuwa kikubwa, na hakuna jaribio lolote linaloweza kunipa jibu juu ya mtu mmoja. Ninalojua ni kwamba hakupewa nafasi.

Miaka ya karibuni jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alipatwa na ugonjwa huo huo. Nilikwenda kumwona nikamkuta binti yake ameshika kijiko. Nilimwuliza kama hospitali imehakikisha kwamba mama anameza vizuri, akasema ndiyo. Nikamwuliza kama amemwomba mtaalamu wa mazoezi awafundishe, na amwone tena mwezi ujao na ule unaofuata. Akasema hakujua kwamba anaweza kuomba. Nikamwambia aombe. Kisha nikamwomba alete kikombe chepesi cha plastiki, atie uji uliopoa, asikijaze, atie nusu tu. Mama akautazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu kabla haujasogea. Ulimwagika. Binti akaruka kukichukua kikombe, nami nikamwekea mkono begani akae chini.